Horace Wells: Mganga wa Meno Aliyekalia Kiti Kwanza

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na adhabu ya kiti cha kung'olea meno naijua mimi. Nilikuwa mtoto wa miaka saba hapa Malaba nilipopelekwa kung'olewa gego lililooza. Watu wazima watatu walinikamata, huyu kichwa, huyu mikono, huyu miguu, nami nikalia hata sauti ikanikauka. Jino lilitoka, lakini hofu ilibaki. Kwa miaka zaidi ya thelathini sikuthubutu kumkaribia daktari wa meno, hata shavu livimbe namna gani.

Kwa hiyo mwezi uliopita, nilipompeleka mjukuu wangu Busia kwa shughuli iyo hiyo, aliyetetemeka ndani ya matatu hakuwa mtoto peke yake. Tulipopita Alupe aliniuliza kama ataumia. Nikakosa jibu, nikaanza kumsimulia habari za Horace Wells wa Marekani. Habari hizo nataka kukupa nawe, ndugu msomaji.

Wells alizaliwa tarehe 21 Januari 1815 katika jimbo la Vermont. Alipofikia umri wa miaka 19 alikwenda Boston kujifunza uganga wa meno, na mwaka wa 1836 akaanza kazi mjini Hartford, Connecticut. Alikuwa fundi hodari mwenye wateja wengi, na mwaka wa 1838 alichapisha kijitabu juu ya utunzaji wa meno. Lakini alikuwa na moyo wa huruma, na siku hizo dawa ya ganzi haikuwako. Mgonjwa alijikaza, au alipewa pombe kali, au alishikwa kwa nguvu kama nilivyoshikwa mimi. Vilio hivyo vilimkosesha Wells raha.

Usiku wa tarehe 10 Desemba 1844 alikwenda kutazama maonyesho ya Gardner Colton, ambamo watu walivutishwa naitrasi oksaidi, yaani gesi ya kuchekesha. Kijana mmoja, Samuel Cooley, aliivuta, akarukaruka na kujiumiza mguu hata ukatoka damu, asitambue lolote. Wengine walikuja kutafuta kicheko. Wells aliondoka na wazo.

Kesho yake hakutafuta maskini wala mtoto wa mtu wa kumjaribia. Alikaa kitini yeye mwenyewe. Colton akampa gesi, na mwenzake John Riggs akamng'oa gego. Hakusikia maumivu.

Akaitumia kwa wagonjwa wake kadhaa, kisha Januari 1845 akaenda Boston kuionyesha mbele ya wanafunzi wa udaktari. Bahati haikuwa yake. Mfuko wa gesi uliondolewa mapema mno, mgonjwa akapiga ukelele, na Wells akazomewa kuwa ni mlaghai. Alirudi Hartford akiwa mtu aliyevunjika, akawa anaacha kazi na kuirudia. Tarehe 16 Oktoba 1846 William Morton, aliyekuwa mwanafunzi na mshirika wake, alifaulu kwa etha mjini Boston, na sifa zikaenda kwake.

Wells alifika hadi Paris mwaka wa 1847 kudai haki yake. Januari 1848, akiwa New York, alijijaribia klorofomu mara kwa mara mpaka ikamvuruga akili. Akawamwagia wanawake tindikali barabarani, akatiwa gerezani, na tarehe 24 akajiua humo. Alikuwa na umri wa miaka 33, akaacha mke na mwana mmoja. Baada ya kifo chake ndipo ilipofika habari kwamba madaktari wa Paris wamemtambua kuwa wa kwanza. Chama cha madaktari wa meno cha Marekani kilimkubali mwaka wa 1864.

Gesi yake ingali inatumika ulimwenguni kuwatuliza watoto wenye hofu. Wells aliitoa tupu. Leo huchanganywa na oksijeni, isiyopungua sehemu 30 katika 100, na mtoto huivuta kwa kifuniko cha pua. Halali, husikia na kujibu, ila wasiwasi humtoka. Kazi ikiisha huvutishwa oksijeni tupu kwa dakika chache. Si anasa hii. Mtoto aliyejaa hofu moyo humwenda mbio, misuli hukakamaa, na maumivu kidogo huwa makubwa. Tena akili yake huyaweka. Lakini dawa ya kutuliza yataka mtu aliyefunzwa, anayechunga pumzi ya mtoto kila dakika. Wells mwenyewe aliangamizwa na dawa ya jamii hiyo hiyo.

Kule Busia mjukuu wangu hakupewa gesi. Alipewa sindano ya ganzi na maneno. Daktari alimpa kioo kidogo akishike, akamweleza wazi kwamba sindano itachoma kidogo, akampa ruhusa ya kuinua mkono ikimzidi. Mtoto aliuinua mara mbili, na mara zote mbili daktari alisimama. Hakuna aliyemshika. Gego lilipotoka alitaka kulichukua nyumbani.

Wazazi wenzangu, tuache kuwatisha watoto kwa daktari wa meno kana kwamba ni askari. Nami nimekata shauri: kabla mwezi huu haujaisha nitarudi Busia, na safari hii nitakayekalia kiti ni mimi.