Docteur Nico, gitaa la umeme na mvumo wa ampli ya lampi

Kila mara tukipiga muziki wa zamani, maswali mawili yanarudia. Wazee wanataka tuwape habari za Docteur Nico, yule mpiga gitaa wa African Jazz. Vijana wa kwaya na wa orkestra ndogo za mitaani, Butembo mpaka Beni, wanauliza kwa nini ampli yao ya zamani, ile ya lampi, inavuma hata kama hakuna mtu amegusa gitaa. Tumeona tuyajibu pamoja, sababu maisha ya Nico na maisha ya ile mashine yalitembea njia moja.

Nicolas Kasanda alizaliwa tarehe 7 mwezi wa saba 1939, kule Mikalayi katika Kasai, si mbali na Luluabourg, mji ambao leo tunauita Kananga. Familia yao ilikuwa ya watu wa muziki. Kaka yake mkubwa, Charles Mwamba, ndiye yule Déchaud ambaye wapenzi wa muziki wa zamani wanamjua kwa gitaa la kusindikiza. Wakati Joseph Kabasele, Grand Kallé, alianzisha African Jazz pale Léopoldville mwaka wa 1953, Nico aliingia humo akiwa na miaka 14 tu. Hebu muangalie mtoto wenu wa miaka 14 halafu mufikiri: yule wa kwetu alikuwa anapiga gitaa katika orkestra ambayo nchi nzima ilikuwa karibu kuijua.

Lakini hakuacha shule. Mwaka wa 1957 alipata diploma ya ualimu wa ufundi. Hapo sisi tunasimama kidogo. Wakati ule, kwa kijana Mkongomani, diploma kama hiyo ilikuwa mlango wa mshahara, nyumba na heshima mtaani. Mpiga gitaa, mara nyingi, watu walimuona kama mlevi wa baa. Nico alikuwa na karatasi mkononi, na akachagua gitaa. Mzazi yeyote wa Butembo anajua uzito wa uamuzi wa namna hiyo.

Tena aliingia muzikini saa ile ile kitu kipya kilikuwa kinaingia. Kabla ya hapo, gitaa la Kongo lilikuwa la mbao tupu. Upande wetu wa Kiswahili tulikuwa na Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey alimrekodi kule Jadotville mwaka wa 1952: mtu mmoja, gitaa moja, bila umeme wowote. Kwa kiti cha uani inatosha. Katika baa yenye watu mia mbili wanaocheza, penye ngoma na tarumbeta, gitaa la mbao halisikiki. Mwaka wa 1953 Mbelgiji mmoja mpiga jazi, Bill Alexandre, alifungua studio ya CEFA pale Léopoldville, na yeye ndiye anahesabiwa kuwa alileta gitaa la umeme katika mji ule. Kwa miaka michache tu, orkestra zote kubwa zikawa nalo.

Gitaa la umeme peke yake ni bubu. Chini ya nyuzi kuna sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba sana. Uzi ukitetemeka, waya ule unatoa umeme kidogo mno. Ampli ndiyo inaukuza mpaka usukume spika. Na wakati ule ampli zilikuwa za lampi, zile chupa za kioo zinazowaka rangi ya chungwa ndani, sawa na za redio kubwa za mababu. Transista ilikuwa imevumbuliwa 1947, lakini ilichukua miaka kabla ya kuingia katika ampli za gitaa. Kwa hiyo ile sauti ya gitaa unayoisikia katika sahani za kwanza za African Jazz ni sauti iliyopita katika lampi.

Nico alizitumia namna gani? Wengine walikuwa wanapiga kwa nguvu, wanasugua nyuzi. Yeye alichagua noti moja moja, safi, za juu, kama mtu anayeimba na kuvuta pumzi katikati ya maneno. Déchaud alikuwa anashika chini yake, bila kumkanyaga. Kutoka hapo zikatokea shule mbili ambazo wapiga gitaa wanabishana juu yake hadi leo: shule ya Nico, yenye utamu na mapambo, na shule ya Franco wa OK Jazz, yenye kugonga na kurudia mpaka watu wasimame kucheza. Sisi hatuingii katika mabishano hayo. Tunasema tu kwamba ukipiga namna ya Nico, katika bolero ya polepole, huna pa kujificha. Kati ya noti na noti kuna kimya, na ampli ikiwa inavuma, ni mvumo ndio unakijaza.

Basi tuingie katika mvumo wenyewe, sababu tumeahidi. Umeme wetu unabadilisha mwelekeo mara 50 kwa sekunde. Ndani ya ampli transfo inaupandisha, volti 300, 400, hata zaidi, halafu unanyooshwa ili uende upande mmoja tu. Ukinyooshwa hivyo bado unapanda na kushuka, sasa mara 100 kwa sekunde, na zile kondansata kubwa zinazofanana na makopo ndizo zinausawazisha. Kondansata ina maji ya dawa ndani. Miaka 30 au 40 ikipita, yanakauka, na kopo haliwezi tena kazi yake.

Mwanamuziki anaweza kuanza kutafuta ugonjwa kwa sikio. Kamata gitaa lililopatanishwa vizuri, gonga uzi mnene, wa sita, kwenye kaze ya tatu. Hiyo ni sol, mitetemo 98 kwa sekunde. Kama ampli inavuma juu kidogo tu ya noti hiyo, ni ule mvumo wa 100, na mtu wa kwanza wa kushitakiwa ni kondansata. Kama inavuma sol ya chini zaidi, oktavi moja chini, ni umeme wa 50 wenyewe umeingia: labda kamba ya gitaa imekatika ndani, labda masi haishiki, labda ni waya zinazowasha lampi. Halafu shusha volimu mpaka sifuri. Mvumo ukipotea, ugonjwa uko mbele ya kile kifungo: gitaa, kamba au lampi ya kwanza. Ukibaki vile vile, uko nyuma, upande wa lampi kubwa na umeme. Na kama mvumo unaongezeka au kupungua wakati mpigaji anageuka na gitaa lake, ampli haina kosa. Gitaa linanusa transfo. Sogea mbali nayo.

Kwa sisi ambao tumeishi miaka mingi na jenereta, kuna jambo lingine. Jenereta nyingi ndogo zinapaswa kuzunguka mara 3000 kwa dakika ili zitoe ile 50. Mashine ikichoka, mvumo nao unashuka kidogo, sauti inakuwa kama ya mtu anayesinzia. Ikikimbia kupita kiasi, volti zinapanda na lampi zinakufa mapema. Fundi anabadilisha kondansata, anabadilisha lampi, na kumbe mgonjwa amesimama uani anakunywa mafuta.

Tafadhali, hapa tusifanye mchezo. Kondansata za ampli ya lampi zinatunza volti zake hata kama umechomoa waya ukutani. Zinaweza kuua. Fundi anayejua kazi anazimwaga polepole kwa rezistansi, anapima mpaka karibu na sifuri, ndipo anaingiza mkono. Tena kuna watu wanaokata ule mguu wa tatu wa plagi, wa ardhi, sababu mvumo unapungua. Ni kweli mara nyingine unapungua. Mwaka wa 1972, kule Swansea, Wales, mpiga gitaa Leslie Harvey alishika gitaa mkono mmoja na kugusa mikrofoni ambayo haikuunganishwa vizuri na ardhi, akafa palepale mbele ya watu. Katika makanisa yetu, mwimbaji anaweka mdomo kwenye mikrofoni na gitaa liko shingoni. Afadhali mvumo.

Turudi kwa Nico. Mwezi wa kwanza 1960, viongozi wa Kongo walikwenda Bruxelles kujadiliana juu ya uhuru, katika ile Table Ronde. Thomas Kanza alisaidia kupeleka orkestra huko. Kabasele alisafiri na Nico, Déchaud, Roger Izeidi na Petit Pierre, na kutoka OK Jazz wakaongezeka Vicky Longomba na Brazzos. Huko ndiko ulizaliwa wimbo Indépendance Cha Cha, wenye kutaja vyama na viongozi waliokuwa mezani. Tarehe ya uhuru, 30 mwezi wa sita 1960, ilipofika, wimbo ulikuwa umekwisha kuenea, na baadaye ukavuka mipaka, Afrika nzima ikaucheza. Watu wanakumbuka sauti ya Kabasele. Sikilizeni tena gitaa: Nico alikuwa na miaka 20, na hakuna noti moja ambayo imekuwa nyingi.

Mwaka wa 1963 wanamuziki walimuacha Kabasele. Nico na Tabu Ley Rochereau wakaunda African Fiesta, na kwa miaka miwili hivi hapakuwa na orkestra nyingi za kuizidi katika bara hili. Halafu vichwa viwili vikashindwa kukaa katika kofia moja. Rochereau akaenda zake na African Fiesta National, Nico akaanzisha African Fiesta Sukisa mwaka wa 1966, pamoja na waimbaji kama Chantal Kazadi na Lessa Lassan. Kwa maoni yetu miaka hiyo ya Sukisa ndiyo tajiri kuliko yote. Alikuwa bwana wa nyumba yake, akajaribu gitaa la Hawaii, akachukua midundo ya Kasai, akapanga magitaa matatu yazungumze bila kugombana. Wakati Mobutu alikataza majina ya Kikristo, mwaka wa 1972, akabaki Kasanda wa Mikalayi, jina lililobeba kijiji chake.

Sahani zake zilifika mbali kuliko yeye. Wapiga gitaa wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam walizichezesha mpaka zikachakaa, wakitafuta vidole vyake viko wapi. Faida ya mauzo ni habari nyingine. Kampuni ya Ubelgiji iliyokuwa inatoa sahani zake ilianguka, na katikati ya miaka ya 1970 Nico akajitenga na muziki. Alikuwa bado kijana, hajafika miaka 40. Watu waliokuwa wanamuita mungu wa gitaa wakazoea kuishi bila yeye. Sauti mpya zilikuwa zimekuja, zenye kasi zaidi, na ampli za transista ambazo hazivumi sana na hazihitaji kupashwa moto.

Alirudi mara ya mwisho kurekodi nyimbo chache kule Togo. Halafu ugonjwa. Alifia hospitalini Bruxelles tarehe 22 mwezi wa tisa 1985, akiwa na miaka 46, katika mji ule ule ambako alipigia Table Ronde miaka 25 kabla.