Jasusi aliyejiandikia sifa mwenyewe

Binti yangu huandika makala za kamusi elezo kwa Kiswahili usiku, watoto wakishalala. Juzi kaja kwangu hapa Al Khuwair na wasifu wa Richard Meinertzhagen, mkuu wa ujasusi wa Waingereza Afrika Mashariki wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, anataka niupitie. Mie jina hilo nalijua kwa kitabu chake cha ndege wa Bara Arabu, kilichotoka 1954. Nikachukua kalamu nyekundu.

Mwanzo hauna neno. Kazaliwa London 1878 katika ukoo wa watu wa benki, kafika Kenya 1902 na jeshi la King's African Rifles. Kalamu ilisimama mwaka 1905. Makala ilisema alimuua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, katika mapambano. Mapambano gani, jamani? Wanandi walikuwa na miaka wakiwapinga Waingereza na reli yao. Tarehe 19 Oktoba Koitalel alikwenda kwenye mazungumzo ya amani, akapigwa risasi hapo hapo, yeye na wenzake. Meinertzhagen alidai kuwa aliviziwa yeye. Uchunguzi wa kijeshi ukafanywa mara tatu, wakamsafisha, kisha 1906 wakamwondosha Kenya. Fimbo za uongozi za Koitalel zilikaa Uingereza kwa familia yake hadi zilipowarudia Wanandi 2006. Hilo nalo makala haikuwa nalo.

Nilimuuliza binti yangu neno mapambano kalipata wapi. Kumbe limetoka kwenye shajara za Meinertzhagen mwenyewe! Hapo ndipo penye tatizo, maana watafiti waliozichunguza wamegundua kurasa zilizopigwa chapa upya miaka mingi baada ya matukio.

Tukaendelea. Novemba 1914 alikuwa afisa wa ujasusi wa jeshi lililoletwa kutoka India kuiteka Tanga, watu kama 8,000, wakashindwa na askari wa von Lettow-Vorbeck waliokuwa kama 1,000. Baadaye akaendesha mtandao wa wapelelezi kutoka Nairobi. Waliokuwa wakipenya upande wa Wajerumani na kurudi na habari ni Waafrika, na makala haikuwapa hata sentensi moja. Sifa zote kabebeshwa yeye.

Halafu ule mkoba wa Palestina, 1917. Ulidondoshwa makusudi, una karatasi za uongo, ili Waturuki waamini kuwa shambulio litakuwa Gaza, kumbe Waingereza wanakwenda Bir al-Saba. Kajisifia kwamba wazo ni lake na aliyepanda farasi ni yeye. Utafiti wa baadaye unasema wazo lilikuwa la afisa Belgrave, na aliyeudondosha ni Arthur Neate.

Na ndege vilevile, basi. Aliiba vielelezo vya makumbusho akavibandika tarehe na mahali pa uongo. Bundi mmoja mdogo wa India, aliyekamatwa na mtu mwengine miaka ya 1880, yeye kaandika kampata 1914. Wataalamu wakawa wanamtafuta bundi huyo mahali sipo. Uongo ulipofichuliwa, Pamela Rasmussen na wenzake walikwenda penyewe, wakamkuta yu hai 1997. Hata kile kitabu cha Arabuni kilitegemea sana mswada wa George Bates, aliyekwisha kufa.

Mkewe Annie alikufa kwa risasi 1928, wakiwa wao wawili tu. Ikaandikwa ajali. Nilimwambia binti yangu aandike hivyo hivyo, asizidishe.

Yeye mwenyewe alikufa London, Juni 1967, ana miaka 89. Binti yangu akalalamika kuwa sasa makala nzima imejaa neno alidai. Nikamwambia libaki, isipokuwa kwa Koitalel: pale aandike alikwenda kwenye amani, akauawa.

Wale wapelelezi bado wana sentensi mbili tu. Kama kuna mzee wenu aliyesimulia habari za Tanga 1914, tuandikieni.