Askari Aliyekuwa Mkuu wa Banki

Zamani ziwa Tshangalele, karibu na Likasi, halikuwako. Wabelgiji waliuzuia mto Lufira kwa ukuta huko Mwadingusha, ili maji yageuze mashini na kutoa umeme kwa viwanda vya shaba. Nyumba ya umeme ilianza kazi mwaka 1930, ikapewa jina la Francqui. Maporomoko ya pale yaliitwa Cornet. Nyumba nyingine, iliyojengwa baadaye huko Koni, iliitwa Bia. Hao watatu walikuwa wenzi wa msafara mmoja.

Emile Francqui alizaliwa Bruxelles mwaka 1863. Aliachwa yatima angali mdogo, na alipopata miaka kama 15 alitiwa katika chuo cha askari. Humo alijifunza bunduki na kutii amri. Habari za fedha hakufundishwa.

Mwaka 1891 alitumwa Katanga, chini ya Kapiteni Bia, pamoja na Cornet, mjuzi wa mawe. Walipofika Bunkeya mwaka 1892, mfalme Msiri alikuwa amekwisha kuuawa na Wazungu wa msafara mwingine, na nchi ilikuwa na njaa kali. Wapagazi wengi walikufa. Hao hawakupewa maporomoko ya kuitwa kwa majina yao. Mwezi wa Agosti Bia naye akafa. Basi Francqui, mwenye miaka 29, ikampasa kuwaongoza waliobaki na kuwatafutia chakula, huku Cornet akichungua mawe ya shaba. Shaba hiyo haikuwa mpya kwa wenyeji: mababu zao waliiyeyusha tangu kale.

Baadaye Francqui aliacha upanga. Alikwenda Uchina kuwa konsuli, akashughulika na mapatano ya njia ya reli. Mjenzi wa reli ile alikuwa Jadot, yule ambaye Likasi iliitwa Jadotville kwa jina lake. Kisha Francqui akaingia katika kazi ya banki, akaijifunza kazini.

Mwaka 1914 Wadachi waliiteka Ubelgiji. Chakula kingi cha nchi ile kilitoka ng'ambo, na sasa njia zilifungwa. Wabelgiji zaidi ya milioni 7 walikuwa hatarini kufa njaa. Francqui alishika uongozi wa halmashauri ya kugawa chakula. Aliyekileta kwa meli alikuwa Mwamerika, Hoover, ambaye walikuwa wamegombana naye huko Uchina kwa ajili ya machimbo ya makaa. Ugomvi wakauweka kando. Unga ulifika mijini na vijijini mpaka vita vilipokwisha mwaka 1918.

Fedha zilibaki. Wangeweza kuzigawa kwa njia nyingi, lakini mwaka 1920 sehemu yake iliwekwa akiba ya kuwakopesha vijana maskini, wapate kusoma katika vyuo vikuu. Francqui mwenyewe hakupata kusoma katika chuo kikuu. Mwaka 1932, Jadot alipokufa, alirithi kiti chake cha mkuu wa banki ya Société Générale, akakikalia mpaka kufa kwake mwaka 1935.