Deni la Baba Alilolipa Tom Mboya

Katika mitaa kama Baba Dogo hapa Nairobi, mzazi afanyaye kazi kiwandani hana shamba wala jumba la kumrithisha mwanawe. Urithi anaoweza kumwachia ni karo ya shule na mfano wa mtu ajitumaye. Wapo vijana wanaoudharau urithi huo kwa kuwa hauonekani kwa macho. Yafaa basi walimu na wanafunzi wayakumbuke maisha ya Thomas Joseph Mboya.

Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, upande wa Thika, katika shamba la mkonge lililomilikiwa na mzungu. Baba yake, Leonard Ndiege, alikuwa mwenyeji wa kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria. Alikuwa ameiacha nchi ya wazee wake ili atafute riziki, akawa mnyapara wa vibarua shambani humo. Mzee huyo hakuwa mtu wa mali. Hata hivyo, aliukata ujira wake mdogo ili mwanawe asome katika shule za misheni: Kabaa huko Ukambani, kisha Yala na hatimaye Mang'u.

Huko Mang'u safari ilikatika. Fedha za karo hazikutosha, na wadogo zake nao walikuwa wakingoja zamu yao ya kusoma. Mwaka 1948 Mboya aliingia chuo cha mabwana afya, akahitimu mwaka 1950 na kuajiriwa na baraza la jiji la Nairobi. Huko alikuta Mwafrika akilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa mzungu aliyefanya kazi ile ile. Mwana wa mnyapara alitambua dhuluma hiyo mara moja. Akajitosa katika vyama vya wafanyakazi, na kufikia mwaka 1953 alikuwa katibu mkuu wa shirikisho lao. Mwaka 1955 aliwatetea makuli wa bandari ya Mombasa waliogoma, nao wakaongezwa mishahara. Mwaka 1957 alichaguliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria.

Lakini tendo linalogusa moyo zaidi ni lile la mwaka 1959. Kwa msaada wa marafiki aliowapata Marekani, Mboya alifanikisha safari ya ndege iliyowapeleka vijana 81 katika vyuo vya huko. Wengine mamia waliwafuata katika miaka iliyofuatia. Miongoni mwa waliokwenda mwaka 1960 alikuwamo Wangari Maathai, ambaye mwaka 2004 alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Kijana aliyekatizwa masomo na ukosefu wa karo ndiye aliyewafungulia wenzake mlango ambao yeye hakuupata alipokuwa na umri wao.

Hapo ndipo lilipo somo. Kumshukuru baba si kumnunulia koti wala kumjengea nyumba tu, ijapokuwa hayo nayo ni wajibu. Jasho la mzazi ni deni lisilolipika kwa mwenye kulitoa. Hulipwa kwa mtoto wa mwingine. Kwa desturi zetu, ndugu mdogo wa baba huitwa baba mdogo, na mtoto wa nduguye ni wake. Mboya aliitanua desturi hiyo ikavuka ukoo na kabila.

Hakujaliwa kuuona uzee. Aliuawa kwa risasi katikati ya Nairobi tarehe 5 Julai 1969, kabla ya kutimiza miaka 39, akazikwa Rusinga.

Enyi wanafunzi, wengi wenu mtahitimu, mpate kazi na kuihama mitaa iliyowalea. Hakuna ubaya kuihama. Ubaya ni kuisahau, ilhali katika darasa lile lile mlilolitoka yumo mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Mtafuteni huyo. Kwake ndiko kuliko na deni la baba zenu.