Askofu Cassian Spiss: shahidi au mkoloni? Tumjue kwanza, halafu tubishane



Leo naomba tumzungumzie mtu ambaye jina lake limeenea huku kwetu kuliko historia yake. Ukisimama sokoni Mbinga, au Kigonsera, au kule ziwani Lituhi na Mbamba Bay, ukaita Kassian, ni nadra kukosa mtu wa kugeuka. Wapo wazee na wapo vijana wa rika letu. Ila ukiwauliza jina wamelitoa wapi, wengi watakwambia nimepewa na babu, basi.

Kilichonifanya niandike ni ubishi wa vijiweni. Ukijitambulisha kuwa ni Mkatoliki, hakosi jamaa wa kukurushia kombora kwamba hiyo ni dini ya wakoloni na imekuja na bunduki. Na sisi Wakatoliki tunajibuje? Wengine tunakasirika, wengine tunacheka cheka tu na kubadilisha mada. Mimi nimeishia sekondari, sio padri wala mwanahistoria, lakini naona yote mawili sio majibu. Imani usiyoweza kuitetea kwa ukweli ni kama nyumba ya miti isiyokandikwa, upepo kidogo tu unaingia ndani. Kwa hiyo tuanze na huyu Askofu mwenyewe, maana maisha yake yamebeba swali lote.

ALITOKEA WAPI?

Spiss alizaliwa tarehe 12 Januari 1866 huko St. Jakob am Arlberg, Tirol, nchini Austria. Ni sehemu ya milima mitupu, kwa hiyo ukimfikiria mtoto wa pale anayepanda na kushuka makorongo, mtu wa Umatengo hatapata shida kumwelewa. Akawa padri, kisha akajiunga na Wabenediktini wa St. Ottilien, Ujerumani. Shirika lenyewe lilikuwa changa, lilianzishwa mwaka 1884 na Padri Andreas Amrhein, na wazo lake lilikuwa wamonaki wa sala na kazi waende pia kwenye misioni.

Hapa tukumbuke kitu. Watangulizi wake walifika pwani yetu mwaka 1888 wakajenga Pugu. Mwaka mmoja tu baadaye, tarehe 13 Januari 1889, wapiganaji wa Abushiri waliivamia Pugu, mabruda wawili na sista mmoja wakauawa. Spiss anaingia Dar es Salaam mwaka 1893 akiwa anajua kabisa hilo. Yaani hakuna aliyemdanganya kwamba huku ni matembezi.

Mwaka 1895 ikafunguliwa misioni ya Lukuledi, na mwaka 1896 Nyangao. Halafu Spiss akaelekeza macho Ungoni. Tarehe 31 Julai 1898 akaanzisha Peramiho, na mwaka 1899 ikafuata Kigonsera, ambayo ndiyo mlango wa Ukatoliki kwa upande wetu wa Mbinga. Kwa wale mnaopita Kigonsera kwa basi mkiiangalia dirishani tu, hapo ndipo hata Rais Mkapa alisoma seminari miaka mingi baadaye.

MTU WA LUGHA

Kitu kinachonivutia zaidi kwa huyu mtu sio kofia ya uaskofu. Ni daftari. Spiss alikaa akasikiliza watu wanavyoongea. Mwaka 1904 kazi yake kuhusu Kingoni na Kisutu ilichapishwa Berlin, kwenye jarida la chuo cha lugha za mashariki. Kwa kifupi, Wangoni walipotoka kusini walikuja na lugha ya ukoo mmoja na Kizulu. Ila walioa, wakateka, wakachanganyika na wenyeji, na watoto wakakua wakiongea lugha ya mama zao. Lugha ile ya zamani ilikuwa inazimika, na yeye akawahi kuiandika pamoja na ile mpya iliyokuwa inaimeza. Leo mjukuu wa Mngoni akitaka kujua babu wa babu yake aliongeaje, daftari la huyu Mtirol ni moja ya sehemu za kuanzia.

Mwaka 1902 akafanywa askofu, Vika wa Kitume wa Zanzibar ya Kusini. Jina lisikuchanganye, ni eneo kubwa sana la kusini mwa Tanzania ya leo, makao yakiwa Dar es Salaam. Wakati huo kanisa la Mtakatifu Yosefu lile la pale karibu na bandari lilikuwa limesimama. Alikuwa na miaka 36.

SASA TUSEME UKWELI

Hapa ndipo wengi tunaruka ukurasa, na mimi sitaki kuruka. Angalieni mfuatano wa miaka. Mwaka 1897 Wajerumani walijenga boma Songea. Mwaka 1898 Peramiho ikaanza. Mwaka huo huo 1898 ikatangazwa kodi ya kibanda. Mngoni wa kawaida aliyekaa mlangoni kwake akaona vitu vitatu vinakuja kwa mpigo na vyote vinaletwa na watu wa rangi moja, unategemea atatofautishaje msalaba na boma?

Na kuna makosa yaliyofanywa na watu wa misioni wenyewe. Padri Franziskus Leuthner wa Peramiho alichoma kibanda cha mahoka cha Nkosi Mputa Gama. Mahoka ni mizimu ya ukoo, na kibanda kile kilikuwa heshima ya chifu na ya marehemu wake. Hebu jiulize, mtu akija leo akachoma kaburi la bibi yako kwa kisingizio cha kukuonyesha njia, utamsikiliza? Ile hasira haikusahaulika.

SAFARI YA MWISHO

Mwishoni mwa Julai 1905 Umatumbi ukawaka. Watu walikuwa wamechoka na mashamba ya pamba ya kulazimishwa, kodi na viboko vya maakida, na Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewapa dawa ya maji. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile akanyongwa, lakini moto ulishatoka mkononi mwa Wajerumani.

Ni katika siku hizo hizo Askofu Spiss alikuwa njiani kutoka Kilwa kwenda Peramiho. Safari ya miguu, wiki kadhaa porini, na wapagazi. Pamoja naye walikuwepo Bruda Andreas Scholzen, Bruda Gabriel Sonntag, Sista Felicitas Hiltner na Sista Cordula Ebert. Hawakufika. Tarehe 14 Agosti 1905, mahali panapoitwa Mikukuyumbu upande wa Liwale, wapiganaji waliwakuta na wote watano wakauawa. Ilikuwa mkesha wa sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Askofu alikuwa na miaka 39.

Moto ukaendelea. Nyangao ilishambuliwa mwezi huo huo na Sista Walburga Diepolder akafa. Septemba Peramiho ikachomwa, na Padri Leuthner yule wa kibanda cha mahoka akauawa.

Halafu ikaja zamu ya wenye nchi kulia. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi makumi kwa makumi wa Kingoni walinyongwa Songea, Nkosi Mputa akiwa mmoja wao. Nduna Songea Mbano akafuata siku chache baadaye. Kabla ya kunyongwa Padri Johannes Häfliger wa Kigonsera aliwabatiza wengi wao. Waliobatizwa kwa imani na waliobatizwa kwa hofu anawajua Mungu peke yake. Kisha mashamba na maghala yakachomwa na njaa ikamaliza kazi. Makadirio ya vifo vya vita yote yanaanzia watu 75,000 mpaka 300,000. Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alikuja Songea Novemba 2023 kuomba radhi, yaani miaka 118 baadaye.

JE, NI SHAHIDI?

Nijuavyo mimi Kanisa halijamtangaza mtakatifu. Tunao mashahidi wa Uganda, Karoli Lwanga na wenzake 21, waliotangazwa na Papa Paulo VI mwaka 1964. Kwao mambo yalikuwa wazi, Kabaka Mwanga alitaka waache imani, wakakataa, wakafa. Kwa Spiss ni pagumu zaidi. Waliomuua hawakumuuliza anaamini nini. Waliona mzungu, na mzungu mwaka ule alikuwa na maana moja tu.

Kwa mtazamo wangu, tukimwita shahidi bila kueleza hilo, tunawadhulumu mababu waliopigania ardhi yao. Na tukimwita mkoloni tukaishia hapo, tunamdhulumu mtu aliyekaa na kujifunza lugha zao, na kufa bila kuwa na shamba la pamba wala daftari la kodi. Vyote viwili ni kweli kwa pamoja: alikuja na imani safi, na alikuja kwenye gari bovu lililokuwa linaendeshwa na wengine. Mababu walikuwa na haki ya kulipinga lile gari.

SASA TUNAMJIBU NINI YULE JAMAA?

Jibu langu ni hili. Mwaka 1906 huku misioni zilikuwa majivu. Kama dini hii ingekuwa ya boma tu, ingeondoka na boma. Wajerumani waliondolewa kwenye vita ya kwanza ya dunia, wakaja Waingereza, nao wakaondoka. Imani ikabaki, na haikubaki kwa sababu ya askofu mmoja. Ilibaki kwa sababu ya makatekista waliotembea kilomita nyingi kwenda vigangoni, na bibi zetu waliofundisha rozari jikoni wakipepeta mahindi. Peramiho ikawa hospitali na kiwanda cha uchapaji. Mbinga ikawa jimbo tarehe 22 Desemba 1986, na askofu wa kwanza akawa Emmanuel Mapunda, mtoto wa huku huku.

Tena kule ziwani jambo hili wanalielewa vizuri kuliko sisi wa milimani. Liuli wamelala na kaburi la Mwanglikana William Percival Johnson tangu 1928, na utakuta ukoo mmoja nusu Wakatoliki nusu Waanglikana, wanakula ugali na usipa sahani moja. Hakuna anayetetea imani yake kwa kumtukana mjomba.

Kwa hiyo mdau Mkatoliki, ukibanwa kuhusu historia usikane. Sema ndiyo, kibanda cha mahoka kilichomwa na lilikuwa kosa. Halafu eleza kwanini bado unasali. Na kama sababu yako ya kusali ni kwamba umezaliwa humo tu, basi hapo ndipo pa kuanzia kazi: hudhuria jumuiya, uliza maswali, soma. Makumbusho ya Majimaji yapo Songea mjini na Peramiho haiko mbali. Siku ukipata nauli pita kote kuwili, usipite sehemu moja tu. Ukasali kwa wote, waliouawa Mikukuyumbu na walionyongwa Songea.

Wenye masimulizi ya wazee kuhusu Kigonsera ya zamani, wapagazi wa misioni au Majimaji upande wa Umatengo na Unyasa, shusheni hapo chini tujifunze. Matusi hapana. Nawasilisha.