Leakey Asiye na Kaburi

Mwenyeji wa Homa Bay akitajiwa jina la Leakey, mawazo yake huenda moja kwa moja kwenye mifupa. Atamkumbuka Daktari Louis Leakey, aliyechimba Kanam na Kanjera chini ya Mlima Homa mwaka wa 1932, na mkewe Mary, aliyeliona fuvu la Proconsul kisiwani Rusinga mwaka wa 1948. Na mwenyeji wa Karungu, upande wa Migori, ataongeza kuwa hata kwao mifupa ya wanyama wa kale ilichimbwa, tena mapema zaidi, mwaka wa 1911. Huyo Louis ndiye Leakey wa vitabu vya shule. Lakini ukoo huo ulikuwa na Leakey mwingine, ambaye hakuchimba kitu wala hakuandika kitabu. Alikuwa sajini wa Keya, na alipouawa vitani alikuwa na umri wa miaka 28.

Jina lake lilikuwa Nigel Gray Leakey. Alizaliwa tarehe 1 Januari, 1913, mtoto wa walowezi wa Kiingereza. Baba yake, Gray Leakey, alikuwa mkulima upande wa Nyeri, na jamaa wa ukoo mmoja na Louis. Kama ilivyokuwa desturi ya walowezi wenye uwezo, kijana alipelekwa Uingereza kusoma, akaingia shule ya Bromsgrove, kisha akarudi Kenya. Hapakuwa na jambo katika ujana wake la kuwafanya watu wamtazame mara mbili.

Italia ilipoingia vitani mwezi wa Juni 1940, Kenya ilijikuta ina adui mlangoni, kwa kuwa Waitalia walikuwa wameikalia Uhabeshi na sehemu ya Usomali. Walowezi vijana walitiwa katika vikosi vya Keya kuwa maafisa na masajini. Nigel akaangukia Batalioni ya Kwanza ya Kikosi cha Sita, kikosi cha askari wa Tanganyika. Lugha ya amri ilikuwa Kiswahili, kile Kiswahili cha Keya ambacho Mngoni, Mnyamwezi na Mzungu walikutana ndani yake.

Nchi yote ya Nyanza Kusini ilitoa watu wake katika vita hivyo. Vijana wa Kijaluo na wa Kikuria walijiandikisha, na baadaye wengine wao walisafiri hata misitu ya Burma. Kwa hiyo habari ya sajini huyu si habari ya Nyeri peke yake. Ni habari ya kila nyumba iliyomuaga kijana pasi na kujua atalala udongo gani.

Addis Ababa ilitwaliwa tarehe 6 Aprili, 1941, lakini vita havikwisha. Majeshi ya Italia yalikuwa bado yamejichimbia kusini, katika nchi ya maziwa, na Keya ikatumwa kuyaandama katikati ya mvua na matope. Tarehe 19 Mei kombania mbili zilivuka mto Bilate, mahali paitwapo Colito. Mara vifaru vya Waitalia vikatokea vichakani, na askari wale waliovuka hawakuwa na silaha ya kuvizuia.

Sajini Leakey alikuwa akiwasaidia wenziwe kwa mzinga mdogo wa inchi tatu, na makombora yake yalikuwa yamekwisha. Kifaru kimoja kikawajia kwa nyuma. Leakey akakirukia juu huku risasi zikimiminika, akakifungua kifuniko kwa nguvu, akampiga bastola mkuu wa kifaru na wenziwe, akambakiza dereva. Akamlazimisha akiendeshe mpaka mafichoni. Hapo akajaribu kuutumia mzinga wa kifaru chenyewe, nao ukakataa kulia.

Mtu mwingine angaliona ametimiza wajibu wake wa siku hiyo. Yeye alishuka, akafuatana na sajini-meja wa kombania na askari wawili wa Kiafrika, wakaenda kuvinyatia vifaru vingine uwanjani. Viwili vya mbele viliwapita. Cha tatu Leakey akakirukia, akakifungua, akamwua mmoja wa waliomo. Cha nne kikamfyatulia bunduki ya rashasha, akaanguka. Walioyaona hayo wakapigana kwa moyo mpya, na mashambulio ya vifaru yakavunjika.

Serikali ya Uingereza ilitangaza nishani yake tarehe 15 Novemba, 1945, zaidi ya miaka minne tangu afe. Ilikuwa Victoria Cross, nishani ya juu kuliko zote kwa ushujaa vitani. Tangazo linasimulia tukio kwa urefu. Sajini-meja na askari wawili waliotoka pamoja naye wametajwa humo kwa vyeo vyao tu, majina hayamo. Walikwenda palepale alipokwenda, kuvikabili vifaru vilevile.

Mwili wa Nigel hauna kaburi lijulikanalo. Jina lake limeandikwa katika ukumbusho wa askari wa Afrika Mashariki wasio na makaburi, katika makaburi ya vita ya Nairobi, na hilo ndilo ziara lake.

Hapa ndipo msomaji wa Homa Bay atakapokumbuka kisa cha Kanam. Mwaka wa 1932 Juma Gitau, mmoja wa wachimbaji wa Louis, aliokota pale kipande cha taya, na Louis akadai kuwa ni la mtu wa kale mno. Mwaka wa 1935 akaja Profesa Percy Boswell kutoka London kuhakikisha. Louis hakuweza kumwonyesha mahali penyewe. Vigingi vya chuma alivyoviweka kuwa alama vilikuwa vimeng'olewa na wenyeji kwa matumizi yao. Boswell akarudi na kumshutumu mbele ya wataalamu, na sifa ya Louis ikatiwa doa kwa miaka mingi. Taya lilikuwapo, mahali pake hapakujulikana. Miaka sita baadaye ukoo uleule ukampoteza kijana wake, na mahali alipolala pia hapakujulikana.

Balaa la nyumba ile halikuishia Colito. Mwezi wa Oktoba 1954, wakati wa Mau Mau, Gray Leakey alitekwa shambani kwake akauawa, na mkewe Mary akauawa pia. Mwana mmoja wa Gray, Rea, mwenyewe askari wa vifaru, alipanda hata akawa Meja-Jenerali. Binti yake, Agnes, alichagua njia nyingine, akatumia miaka yake mingi kuwapatanisha weusi na weupe.

Nishani imelihifadhi jina la Nigel. Mawe ya Rusinga yamelihifadhi la Louis. Lakini askari wale wawili wa Colito walikuwa na mama zao, na walipewa majina siku walipozaliwa kama alivyopewa Nigel. Atakayeusoma ushujaa wa sajini huyu na awahesabu wote wanne.