Wichern na Gurudumu la Noeli

Johann Hinrich Wichern alizaliwa mwaka 1808 katika mji wa Hamburg, nchi ya Ujerumani. Alipokuwa na umri wa miaka 15 baba yake alifariki, naye akafundisha watoto wa watu kwa ujira, apate kumsaidia mama yake na ndugu zake. Alipokwisha kusoma elimu ya Mungu, aliwahurumia watoto maskini waliotangatanga mjini. Mwaka 1833 akawafungulia nyumba karibu na Hamburg, iitwayo Rauhes Haus. Humo walisali, wakasoma, wakajifunza kazi za mikono.

Watoto hao walimwuliza kila siku kama Noeli imekwisha fika. Basi mwaka 1839 Wichern alitwaa gurudumu kuukuu la gari la kukokotwa, akapanga juu yake mishumaa midogo kwa siku za kazi, na mikubwa minne kwa Jumapili za Majilio. Kila siku uliwashwa mshumaa mmoja zaidi, nuru ikazidi hata Noeli.

Wichern alifariki mwaka 1881, lakini shada la mishumaa minne tuwashayo makanisani chanzo chake ni gurudumu lile.

Ndugu wa Chumbi na Rufiji yote, asiye na fedha asione haya siku ya Noeli. Ukindu upo, na mikono tunayo. Kawa au kikapu kidogo, kilichosukwa kwa kumkumbuka rafiki, ni zawadi kamili. Mwokozi wetu mwenyewe alilazwa horini, wala zawadi ya Mungu haikupungua.